Kompyuta Yako Haijafa, Imekataliwa Tu

Wasee, wacha tuongee kuhusu hii stori ya Windows 11, kwa sababu nimechoka kuona watu wakiuza kompyuta nzima kwa bei ya skrapu. Tangu Oktoba 2025, swali ninaloulizwa sana hapa Lodwar si "unatumia programu gani kuhariri video" tena. Ni hili: "Kompyuta yangu inasema haiwezi kuwekwa Windows 11. Niuze?" Nimeulizwa na mwanafunzi wa chuo. Nimeulizwa na mwenye saiba karibu na stendi. Nimeulizwa na mama wa mtumba ambaye hesabu zake zote ziko kwa deskitopu ya kijana wake. Na Kakuma ndio usiseme.

Jibu langu ni: usiuze bado. Lakini sitaki uniamini tu kwa sababu nina video kadhaa mtandaoni. Nataka uelewe ni nini hasa kinakataa nini, ndio siku nyingine mtu asikudanganye.

Kama wewe ni mgeni hapa, kazi yangu yote naifanyia kwa deskitopu ya mtumba ya kizazi cha sita, niliyoipata kwa bei ya mbuzi watatu hivi. Mara mbili kwa mwezi napanda gari kwenda Kakuma, kilomita kama 120, kumsaidia rafiki yangu anayefundisha vijana kompyuta kwa chumba cha mabati. Ametoka Kongo, Kivu Kusini. Kila mtu humwita Mwalimu, hata wazee wenye umri wa baba yake, kwa hivyo na mimi namwita Mwalimu.

Sasa ukweli wenyewe. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea marekebisho ya usalama ya bure. Kompyuta haikuzimika siku hiyo. Tarehe 15 iliwaka kama kawaida, na hata leo inawaka. Kilichokwisha ni kuzibwa kwa matundu mapya. Ni kama nyumba ambayo fundi ameacha kuja: mlango bado unafungwa, lakini kufuli likiharibika hakuna wa kulibadilisha.

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka RAM ya GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama inayoitwa TPM toleo la 2.0, uwezo wa Secure Boot, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo inaanzia kizazi cha nane, ukiacha prosesa chache sana za kizazi cha saba. Kizazi cha nane kilianza kutoka mwaka wa 2017.

Kujua kizazi chako ni rahisi. Angalia jina la prosesa, kisha soma namba baada ya kistari. i5-4570 ni kizazi cha nne. i5-6500 ni cha sita. i5-8500 ni cha nane. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10400, chukua mbili za mwanzo: hiyo ni ya kumi. Kuhusu TPM, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, soma jibu. Na usikimbilie kulia ukiambiwa haipo. Kwa mashine nyingi za kizazi cha nane TPM iko, imezimwa tu ndani ya BIOS. Intel huiita PTT, AMD huiita fTPM. Unaiwasha, unahifadhi, na ile kompyuta iliyokuwa "imekataliwa" inakubaliwa dakika hiyo hiyo. Nimeona mtu akikaribia kuuza mashine nzuri kwa sababu ya swichi moja.

Sasa fikiria kompyuta zinafikaje kwetu. Ofisi ya Ulaya ama ya Ghuba inabadilisha mashine zake. Zile za zamani zinaingia kontena, zinashuka Mombasa, zinachambuliwa Nairobi, nyingine zinapanda Eldoret na Kitale, halafu ndio zinateremka huku kwetu. Tuko mwisho wa laini. Kizazi cha nne na cha sita ndivyo tuko navyo. Kwa hivyo mtu akiketi Marekani aamue kwamba mstari upite kati ya kizazi cha saba na cha nane, ule mstari unapita katikati ya chumba cha Mwalimu.

Na ulipita kweli. Mwalimu ana deskitopu 14. Mbili ni kizazi cha nane, tatu ni cha sita, tisa ni cha nne. Yaani mbili tu ndizo zilipita. Zililetwa na mradi ambao ulifunga 2025, mwaka ambao misaada ilikatwa hadi chakula kambini kikapunguzwa. Fundi aliyekuwa akitumwa na mradi haji tena. Halafu akatokea mtu mmoja aliyevaa vizuri, akazunguka chumba dakika kumi, akamwambia Mwalimu kwamba zile 12 ni taka za kielektroniki, bora auze kwa uzani anunue laptopu mbili mpya.

Hebu piga hesabu. Ana wanafunzi kama arobaini, wanaingia kwa zamu. Kwa viti 14, kila mtu anashika kibodi chake mwenyewe. Kwa mbili za kizazi cha nane na laptopu mbili, watu watatu ama wanne wa kila zamu wanakaa kwa mashine moja, wengine wakitazama mmoja akiandika. Hapo hufundishi kompyuta, unaonyesha sinema. Na kwa kijana ambaye mgao wa chakula umepungua na hawezi kutoka kambini vile anataka, kazi ya mtandaoni si hobi. Ni sukari, ni sabuni, ni karo ya mdogo wake.

Kwa hivyo tulikaa chini, mimi na Mwalimu, tukapitia njia zote. Nazipitia na wewe pia, kwa sababu huenda uko mahali pale pale.

Njia ya kwanza ni kulazimisha. Kuna programu kama Rufus ambayo inaweza kuweka Windows 11 kwa mashine iliyokataliwa, ikiruka ukaguzi wa TPM na prosesa. Inafanya kazi, na video za kukuonyesha zimejaa. Lakini Microsoft yenyewe inasema mashine kama hiyo haina uhakika wa kupata apdeti. Tena, kuanzia toleo la 24H2, prosesa isiyo na maagizo fulani ya ndani, kama zile Core 2 Duo za kitambo, haiwaki kabisa hata ukilazimisha vipi. Kama ni mashine yako ya kuchezea, jaribu. Kama kuna M-Pesa za watu, akaunti za benki ama hesabu za chama, usifanye hivyo. Unatoka kwa mfumo usio na apdeti unaingia kwa mfumo ambao apdeti zake ni bahati nasibu.

Njia ya pili ni kununua muda. Microsoft iliweka mpango wa watu wa nyumbani wa kupata marekebisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unalipa dola 30, ama hulipi kitu ukikubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta kwenye akaunti ya Microsoft. Lazima uwe na Windows 10 toleo la 22H2. Kwa mtu mmoja mwenye mashine moja na programu ambayo haipatikani kwingine, hii ni njia ya busara. Kwa mfano, CapCut ya kompyuta haina toleo la Linux. Kama kula yako inatoka kwa CapCut, kaa hapo kwanza huku ukipanga. Ila ujue umenunua muda tu, hujanunua suluhisho.

Njia ya tatu ni kubadilisha mfumo wenyewe na kuweka Linux. Hapa ndipo mimi na Mwalimu tulibishana mchana mzima.

Mimi niliona ni rahisi. Linux Mint ama Lubuntu haiulizi mambo ya TPM. Mashine ya kizazi cha nne yenye GB 8 inaenda fiti kabisa. KUCCPS, HELB, eCitizen, barua pepe, darasa za mtandaoni, vyote viko ndani ya kivinjari, na kivinjari ni kile kile. Firefox ni Firefox popote. Tena kivinjari kipya ndicho cha maana. Waulize wenye saiba waliobaki na Windows 7: Chrome iliacha kuwapa matoleo mapya baada ya namba 109, mwanzoni mwa 2023, na tangu hapo tovuti moja baada ya nyingine zinawafungia mlango.

Mwalimu akanisikiza hadi mwisho, kisha akasema: "Mdogo wangu, mwanafunzi wangu akienda kutafuta kazi, hawamuulizi kama anajua kuandika barua. Wanamuuliza kama anajua Word."

Msichana mmoja wa Sudan Kusini aliyekuwa karibu akaongeza, bila hata kuulizwa: "Na ile W ya bluu itakuwa wapi?"

Hapo walikuwa na hoja, na mtu wa Linux akikuambia hiyo si hoja, anakudanganya. Kompyuta inaweza kukubaliana na programu zote duniani na bado isikubaliane na mtu atakayekuajiri. Mtahiniwa wa KCSE anayefanya somo la kompyuta hawezi kukutana na Access kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa vitendo. LibreOffice ina programu yake ya data inayoitwa Base, na mantiki ya jedwali ni ile ile, lakini vitufe haviko mahali pamoja, na dakika za mtihani hazikungoji utafute.

Ndiyo maana hatukuchagua moja. Zile mbili za kizazi cha nane ziliwekwa Windows 11 na Office, na kila mwanafunzi anapangiwa zamu yake hapo. Moja ya kizazi cha sita ilibaki na Windows 10, imetolewa kwa intaneti kabisa, kazi yake ni mazoezi ya Access. Zile 11 zilizobaki zikapewa Linux Mint. Kuandika, hesabu za jedwali, kuvinjari, kuhariri picha, kujifunza kuandika programu: hayo yote hayahitaji W ya bluu.

Lakini usiweke tu halafu uondoke. Kuna mambo ambayo yatakukwaza, wacha nikuonyeshe mapema.

Kwanza, jaribu kabla hujafuta. Linux unaweza kuiwasha kutoka kwa flashi bila kugusa diski. Ukishaiwasha, angalia sauti, angalia skrini, angalia waifai. Tulifanya hivyo kwa kila mashine. Mashine zenyewe zilikuwa sawa, lakini vile vidude vidogo vya USB vya waifai viwili havikutambuliwa kwa sababu draiva yake haikuwemo. Suluhisho ni simu yako. Ichomeke kwa kebo ya USB, washa kushiriki intaneti kupitia USB, na kompyuta inaingia mtandaoni hapo hapo, kisha unapakua draiva.

Pili, bando. Faili ya Mint ni karibu GB 3, na ya Ubuntu ya kawaida inapita GB 5. Huwezi kuipakua mara 11. Niliipakua mara moja Lodwar, usiku, nikaiweka kwa flashi, nikapanda nayo gari. Faili ile ile moja inaingia kwa mashine zote, na hakuna anayekudai leseni. Hiyo peke yake, kwa sehemu ambapo data ni ghali kuliko chai, ni sababu tosha.

Tatu, fonti. Ukifungua kwa LibreOffice wasifu ulioandikwa kwa Word, mistari inaweza kuruka kwa sababu fonti ya Calibri haipo. Weka fonti inayoitwa Carlito: herufi zake zina upana sawa na za Calibri, kwa hivyo ukurasa hautembei. Ya Cambria ni Caladea. Na ukituma wasifu kwa mwajiri, tuma PDF. Mwajiri haoni uliandikia wapi. Yule msichana wa W ya bluu alichapisha wasifu wake wiki iliyofuata, akauweka kando ya wa mwenzake uliotoka Word, akatuuliza tumwambie ni upi ulitoka wapi. Tulibaki tukitazamana.

Hiyo ni upande wa programu. Sasa vifaa, na hapa ndipo pesa za watu huliwa.

Ukiwa Nairobi, ukinunua RAM isiyoingia unarudi dukani jioni hiyo. Ukiwa Lodwar umeagiza kwa simu, ikapanda basi usiku kucha, kosa la muuzaji linakuwa nauli yako. Jirani yangu aliagiza RAM kutoka duka moja, akaletewa ya laptopu. Kuirudisha kungemgharimu karibu bei yake. Kwa hivyo: DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Si mambo ya kusukuma kwa nguvu. Ile pengo ya chini imewekwa mahali tofauti makusudi, kwa sababu umeme wake si sawa. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, DDR4 hutumia 1.2. RAM ya deskitopu ni ndefu, ya laptopu ni fupi karibu nusu. Halafu kuna RAM za seva zinazouzwa rahisi sana. Zina ukubwa ule ule na zinaonekana sawa kabisa, lakini deskitopu ya kawaida haiwaki nazo. Ukiona bei tamu kupita kiasi, uliza kama imetoka kwa seva. Dawa ya haya yote ni moja: toa RAM iliyo ndani, piga picha stika yake, tuma picha. Usitume maneno.

Na ukiongeza RAM ikafika GB 8 lakini kompyuta inasema inaweza kutumia GB 3 na ushee tu, usimlaumu muuzaji. Una mfumo wa biti 32, na huo kwa kawaida haufiki juu ya GB 4. Weka wa biti 64. Hata Core 2 Duo inaukubali.

Prosesa pia zina soketi zake. Kizazi cha pili na cha tatu hukaa soketi moja, cha nne hukaa yake. Cha sita na cha nane, hata kama matundu yanaonekana kufanana, mazabodi za kizazi cha sita hazikuundwa kwa cha nane. Kwa hivyo ule mpango wa "nitanunua prosesa ya kizazi cha nane niweke kwa mashine yangu ya kizazi cha sita" uache. Na kabla hujanunua pawa saplai ya kawaida, fungua boksi kwanza: deskitopu kadhaa za ofisi zina plagi ya umeme ya umbo lake pekee, na ile ya kawaida haiingii bila adapta.

Kuna matatizo mengine yanayofanana na ugonjwa mkubwa, kumbe ni mafua. Kompyuta inawaka, intaneti iko, lakini kila tovuti inasema si salama. Angalia tarehe. Kama inasema ni mwaka wa 2012, tovuti zinaonekana zina vyeti vya siku ambazo hazijafika, ndiyo maana kivinjari kinakataa. Betri ndogo ya mviringo iliyo kwa mazabodi, CR2032, imekwisha. Ni ile ile ya mizani ndogo na funguo za gari, inauzwa hadi kwa duka la saa. Flashi ina nafasi ya GB 20 lakini inakataa video yako ya GB 5? Imepangwa kwa FAT32, ambayo haibebi faili moja inayozidi GB 4. Toa vitu vyako, ipange upya kwa exFAT.

Na kibodi! Mashine tatu za Mwalimu zilikuja na kibodi za Ujerumani, ambapo Z na Y zimebadilishana viti. Wanafunzi wake waliotoka Kongo na Burundi wamezoea mpangilio wa Kifaransa, ambao safu ya juu inaanza na A na Z. Waliosoma Kenya wanatafuta Q. Kwa chumba kimoja una mazoea matatu ya vidole. Hakuna haja ya kununua chochote: unaongeza mipangilio yote kwenye mfumo, mtu anabonyeza vitufe viwili anabadilisha. Herufi zilizochorwa hazitalingana, lakini vidole vinajua njia.

Kitu kimoja hakiko kwa karatasi yoyote ya maelezo ya kompyuta: inakubaliana na Turkana? Mashine nyingi zilitengenezewa ofisi yenye hewa baridi na zulia. Hapa nyuzi 35 mchana ni siku ya kawaida, na vumbi linaingia hata kwa chai. Prosesa ikipata joto sana hujipunguzia mwendo yenyewe, ndio isiungue. Mtu anasema ina virusi, ama imezeeka. Mara nyingi imejaa mchanga tu. Zima, chomoa, fungua, shika feni isizunguke, puliza. Badilisha ile pesti iliyokauka juu ya prosesa. Iinue kutoka sakafuni. Mashine ya kizazi cha nne iliyo safi inaweza kuishinda ya kizazi cha nane inayokosa pumzi.

Wanaojenga wamelielewa hili kuliko wanaouza kompyuta. Pale kando ya Ziwa Turkana kuna kampasi ya Startup Lions, iliyokamilika 2021, iliyochorwa na Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso ambaye mwaka uliofuata alipewa tuzo ya Pritzker. Minara yake mirefu imeigwa kutoka kwa vichuguu vya mchwa. Hewa ya moto inapanda na kutokea juu, ya baridi inaingia chini, na watu wanafanya kazi za kompyuta ndani bila mashine kuchemka. Yaani walianza kwa kuuliza mahali hapa pakoje, kisha ndio wakaleta kompyuta.

Nikirudi kwa lile neno "haikubaliki": vijana wa Kakuma wanalijua vizuri kuliko mimi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi ama biashara halali. Lakini kuna fomu za mtandaoni zinazotaka namba ya kitambulisho cha taifa, na ukiandika namba ya kadi ya mkimbizi, kisanduku kinageuka chekundu. Sheria imekubali, programu imekataa. Mtu fulani aliketi mahali akaandika kwamba namba lazima iwe hivi na si vile, bila kumfikiria mtu wa Kakuma. Kwa hivyo ninapowaambia vijana wa Mwalimu kwamba kukataliwa na kompyuta mara nyingi ni uamuzi wa mtu, si ukweli wa maumbile, hawashangai. Wanachotaka kujua ni uamuzi upi unaweza kuzungukwa, na upi lazima upiganiwe. Wawili kati yao sasa wanajifunza kutengeneza fomu za mtandaoni. Mmoja ameniambia kisanduku chake kitakubali kadi zote.

Sitaki pia nikudanganye kwamba kila mashine inaokoka. Nyingine zimeisha, na taka za kielektroniki zina sumu, zisichomwe nyuma ya nyumba. Mchezo kama Valorant ukiwa kwa Windows 11 hautaki kusikia mashine isiyo na TPM 2.0 na Secure Boot, na hapo hakuna ujanja wa maana. Kama hiyo ndiyo shida yako, anza kuweka doh.

Lakini kabla hujauza, chukua karatasi uandike vitu vitano: jina kamili la prosesa, aina na kiasi cha RAM, diski ni ya kawaida ama SSD, mfumo ni wa biti 32 ama 64, na kazi mbili ambazo lazima kompyuta hiyo ikufanyie kila wiki. Cha tano ndicho kikubwa. Ukimpa fundi hizo tano, hatakuuzia kitu usichohitaji. Ukienda na "kompyuta yangu ni slo" peke yake, umempa mkoba wako.

Na kama umeziandika zote na bado mashine inakataa kila kitu, basi ni sawa, iuze. Ila toa diski kwanza. Picha za shosho hazikuwa kwenye bei.